Ndoo Nyekundu Nyuma ya Kibanda

Nyumbani kwetu,
Chumba cha mbele, mezani kwa mama.
Jumapili, tarehe 5 Mei.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Salamu zangu zikukute mzima, umekula, umelala na umevaa soksi. Hujambo wewe? Mwenzako wa chumba hajambo? Na yale mafua uliyoyaandikia ukurasa mzima mara iliyopita, yameisha? Tuliyasoma hapa kwa sauti. Kaka yako akasema pole, mama akafumba macho. Naiombea pua yako afya njema.

Sisi huku hatujambo, kwa kipimo chetu. Mgongo wangu ni uleule, nikiinama nauinua kwa awamu. Kaka yako Taratibu ni mzima, na jina lake bado linamfaa: jana alitumia nusu saa kumenya viazi vinne. Mama yuko palepale ulipomwacha, ila wewe ulimwacha amesimama mlangoni akikupungia mkono, na sasa amelala. Kiharusi kimemwachia upande wa kushoto na maneno kama sita hivi. Mojawapo ni jina lako. Langu halimo.

Barua yako ilifika Jumatatu. Kurasa nne. Tatu na nusu unauliza mtihani wa leseni ya udereva ukoje, mstari mmoja unauliza mama anaendeleaje, na nafasi iliyobaki umechora gari unalolitaka. Umelichora vizuri, ila umesahau kioo cha pembeni cha kushoto. Kwa kosa hilo peke yake ungeanguka kabla hujawasha.

Lakini umemuuliza anayejua. Mwaka huu natimiza miaka kumi na mmoja na kibanda changu cha fotokopi na picha za pasipoti ndani ya ua wa majaribio ya udereva. Dirisha la mbele linatazama foleni, la nyuma linatazama uwanja wenyewe. Nimeona watu wakifaulu na wakianguka mpaka naweza kumtambua mtu kwa jinsi anavyofunga kamba za viatu. Huko uliko huenda wana kompyuta na viyoyozi, lakini mtihani wa leseni ni mmoja kila mahali: anayejua anaketi kando ya anayetetemeka, na anayejua hasemi kitu.

Kwanza ni picha. Usitabasamu. Wanaotabasamu asubuhi ndio ninaowaona mchana wakirudi kwangu kunakili fomu ya marudio, na picha ile ya meno nje nabandika mimi mwenyewe kwa gundi. Inachekesha mara ya kwanza, mara ya tatu inatia huruma, na kuna mama mmoja mwenye duka la viatu ambaye nimembandika mara saba.

Halafu macho. Watakusimamisha mbali na gari lililoegeshwa wakuambie usome namba yake. Hapa kwetu alikuja mwashi mmoja mstaafu, mtu mzima, mwenye kofia yake safi. Macho yalikwisha kwenda zamani. Akawa anapita uani kila siku kwa wiki mbili, anaikariri namba ya gari la mtahini, maana ndilo linaloegeshwa pale siku zote. Siku ya mtihani mtahini akaja na gari la mkewe. Mwashi akasimama wima akasoma namba yote ya gari lisilokuwepo, herufi kwa herufi, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Nilicheka mpaka mashine ikameza karatasi. Ukariri ni ugonjwa wa ua ule, ndiyo maana nakusimulia hili mapema.

Ukipita macho utaingizwa chumbani kwenye meza iliyochorwa barabara, na vigari vya kuchezea juu yake. Utaambiwa peleka kigari hiki hospitalini. Nimewaona watu wenye wajukuu wakishika kigari kwa vidole viwili huku jasho linawatiririka. Wewe kisukume, usikinyanyue. Mwalimu mmoja wa hesabu alifika kwenye mzunguko, akababaika, akakinyanyua kigari chake na kukivusha hewani upande wa pili. Mtahini alimtazama kwa muda mrefu sana.

Mtahini wetu tunamwita Kalamu, kwa kuwa ana kalamu nyekundu na hana maneno. Wa kwako atakuwa na jina jingine lakini tabia ileile. Anapanda, anafunga mkanda, anasema "Twende," na baada ya hapo usitarajie kusikia sauti yake mpaka mwisho. Asiposema kitu usifikiri umeharibu. Akiandika pia usifikiri umeharibu. Wengi huanguka kwa sababu ya kuichungulia ile karatasi. Kuna kijana wa benki aliyechungulia kalamu mpaka akaingia kwenye maua ya ofisi.

Kaa kitini kabla hujagusa ufunguo. Rekebisha kiti, rekebisha vioo, funga mkanda, hakikisha gia iko huru. Na unapotazama kioo, tazama kwa shingo. Wewe una tabia ya kutazama kwa kope tu, tangu mdogo, ndivyo ulivyokuwa ukimtazama mama akikutuma dukani. Mtahini haoni kope. Geuza kichwa, mtu aone kuwa umeona.

Mlimani, vuta breki ya mkono, legeza klachi mpaka gari litetemeke kidogo, kisha ndipo uachie breki. Likirudi nyuma hata hatua moja ya mtoto, kwaheri. Likizima, usiseme "samahani." Watu wetu gari likizima wanaliomba radhi. Washa tena, nyamaza, endelea.

Barabarani kuna mambo mawili tu, waache wanaovuka wavuke na usishindane na mtu. Hayo hayahitaji barua.

Sasa nikueleze kurudi nyuma kati ya fito, na hapa vuta kiti.

Uwanjani kuna fito nne za kupakwa rangi zimesimamishwa kwenye makopo ya saruji. Unatakiwa uingie katikati yake kinyumenyume, usiguse hata moja. Ndipo wanapoanguka watu saba katika kumi. Lakini wanafunzi wa mwalimu mmoja, tunayemwita Klachi, walikuwa hawaanguki hata wakiwa wabovu namna gani. Nilikuwa namwona ni mwalimu bingwa. Hata nilikuwa nawaelekeza wateja kwake.

Siri niliigundua mwezi wa pili. Nyuma ya kibanda changu, ukutani, huwa naweka ndoo nyekundu ya maji ya kunawia wino. Imekaa pale miaka kumi na mmoja mpaka sakafu imefanya duara. Siku moja maji yalikatika, nikaichukua kwenda kuteka kwa jirani, nikachelewa kurudi. Niliporudi nikakuta wanafunzi watatu wa Klachi wameangusha fito, mmoja baada ya mwingine, na Klachi mwenyewe ameshika kichwa akiuliza, "Ndoo iko wapi? Nani amechukua ndoo?"

Kumbe yule bwana hakuwahi kumfundisha mtu kurudi nyuma. Alikuwa akiwafundisha ndoo yangu. "Ndoo ikiingia katikati ya kioo cha kushoto, kata usukani wote. Ikitoka, nyosha." Basi. Mtu anafaulu, anapewa leseni, anakwenda mjini, na huko mjini hakuna ndoo. Sasa unajua kwa nini taa za nyuma za magari ya watu wetu zimefungwa kwa gundi ya karatasi.

Sikumwambia mtu. Niliirudisha ndoo kwenye duara lake nikanyamaza, kwani mimi ni nani niharibu biashara ya mwalimu?

Na sikia, mdogo wangu: mwanafunzi wa mwisho wa Klachi alikuwa kaka yako.

Nilikuandikia kuwa anajifunza, hukujibu kuhusu hilo. Amepata ahadi ya kazi katika mji ule wa pili, safari ya siku nzima kwa basi. Kuendesha gari la wagonjwa hospitalini. Kazi ina sare na chumba cha kuishi, na yule mchumba wake, fundi wa cherehani aliyemvumilia miaka minne, amesema akienda naye anamfuata. Ana umri wa miaka arobaini na moja, hajawahi kuwa na kitu ambacho mtu mwingine anakitaka. Hospitali imekubali kumngoja mpaka mwisho wa mwezi huu wa tano, na sharti ni leseni.

Mama hana habari za sharti wala sare. Mama anajua mikono. Anageuzwa kila baada ya saa tatu ili mgongo usioze, anainuliwa kwenda kuogeshwa, anaketishwa ale. Kupooza hakumpunguzii mtu uzito, na mama yetu hakuwahi kuwa mwepesi. Kaka yako anashika mabegani, mimi nashika miguuni, tunahesabu moja mbili tatu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Muuguzi anayepita Alhamisi ameniambia bila kunificha kwamba nikimnyanyua mama peke yangu mara chache tu, tutalala wawili kitandani na hakutakuwa na wa tatu.

Niliandika barua tatu kukuomba uje ushike mabega hayo, hata kwa miezi mitatu. Ya kwanza ulijibu kuwa kazi zimebana. Ya pili ulijibu kuwa mafua yamebana. Ya tatu umejibu kwa picha ya gari. Nikipiga simu nikaiweka sikioni kwa mama, akianza kulia unasema mtandao unakatika, na kweli unakatika.

Basi Jumanne ile, wiki mbili zilizopita, kaka yako aliamka akapiga pasi shati. Shati moja, robo saa, kola tu. Alinisaidia kwanza kumwogesha mama, akamnyooshea mto, akamwambia, "Mama, leo niombee." Mama akasema neno mojawapo kati ya yale sita, nadhani lilikuwa maji.

Uani alifanya mambo yake yote vizuri, na nasema hivyo kwa uchungu. Macho alisoma. Kigari alikisukuma polepole hadi hospitalini, Kalamu akapiga miayo lakini akaweka tiki. Mlimani gari halikurudi hata unywele. Barabarani alikwenda mwendo wa maziko, hakuna kosa. Watu waliokuwa kwenye foleni yangu walianza kumshangilia, mtu mzima wa watu, shati limenyooka, shingo inageuka kwenye kila kioo kama nilivyomfundisha mwenyewe jikoni.

Ikabaki fito.

Nilikuwa ndani ya kibanda namnakilia mtu cheti cha kuzaliwa. Nilimwona kupitia dirisha la nyuma akisogeza gari kwenye mstari wa kuanzia. Nikamwambia mteja, nisubiri kidogo. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikanawa mikono ambayo haikuwa na wino, nikaibeba ndoo hatua mbili kuelekea mlangoni, nikaitua. Nikarudi ndani nikamalizia cheti cha mtu. Nakala mbili, zote zilitoka safi.

Hatua mbili tu.

Alirudi nyuma akiwa ametulia kabisa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejua anachokingoja. Aliingoja ndoo iingie kiooni, na ndoo haikuja, haikuja, na ilipokuja akakata usukani wote kama alivyofundishwa. Fito ya nyuma ilianguka, ikaangusha ya pili, na ya pili ikaangukia chupa ya chai ya Kalamu iliyokuwa kwenye benchi. Kalamu alisema neno siku hiyo. Sitaliandika hapa, ni barua ya familia.

Watu walicheka. Nami nilicheka, ili nisionekane nimesimama tu.

Ukiniuliza moyo wangu ulikuwaje, nakwambia ulikuwa mwepesi. Nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo. Aibu ilikuja baadaye jioni, ikakaa, ikaondoka, na sasa inakuja na kwenda kama jirani. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na safari hii aliyekuwa nguoni ni mimi. Kaka yako alirudi nyumbani kabla yangu. Nilimkuta ameshavua shati amelitundika, ameketi ukingoni mwa kitanda anamlisha mama uji. Akaniambia, "Dada, nimeanguka." Nikamwambia najua, nilikuwepo. Akasema, "Ndiyo hivyo. Si afadhali, bado niko kumshika mama." Kisha akampangusa mama kidevu.

Ningependa angenitukana. Mtu kama huyo hata ukimfanyia ubaya anakusogezea kiti.

Lakini si mjinga, ni mpole, na watu huchanganya vitu hivyo viwili. Siku mbili baadaye alikuja kibandani mchana, akazunguka nyuma, akachutama akalitazama lile duara sakafuni, na ndoo ikiwa pale nilipoiacha. Nilisahau kuirudisha. Miaka kumi na mmoja, na siku hizo mbili nikasahau.

"Dada," akasema, "kuna mtu aliisogeza ndoo."

"Nani?"

Akafikiri kwa mwendo wake ule. Nilinakili kurasa sita akiwa bado anafikiri. Kisha akasema, "Nadhani ni mfagiaji. Asiyejua hana kosa." Akaibeba akairudisha kwenye duara, akaizungusha mpaka mshikio ukaelekea ulikokuwa ukielekea zamani. Nikamwambia ajifunze kurudi nyuma bila ndoo. Hapana, nakudanganya. Sikumwambia. Nilitaka kumwambia, na neno lilifika kwenye meno, nikalimeza. Maana akijifunza kutazama, hakuna wa kumzuia tena.

Akaniomba kitu. Ndicho kilichonifanya nichukue kalamu leo, mama akiwa amelala na yeye akiwa amekwenda kwa fundi wake. Mtihani wa marudio ni tarehe ishirini na nane ya mwezi huu, saa tatu asubuhi. Hakuna mwingine kabla mwezi haujaisha. Aliniambia, "Siku hiyo ndoo iwe chini yako, dada. Nakuamini wewe tu. Ikibidi ikalie." Tulicheka wote wawili. Akanikabidhi kabisa, unaelewa, alinishika mkono akauweka juu ya mshikio.

Kwa hiyo mimi ndiye mlinzi wa ndoo.

Zile barua tatu zilikuwa za kuomba. Hii siyo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na huruma yako ya mbali haijawahi kumgeuza mama upande. Nakutaka hapa, wewe mwenyewe, na mabega yako ya miaka ishirini na tisa yasiyo na kazi zaidi ya kubeba mkoba. Ukiwa umefika kabla ya tarehe ishirini na nane, nitaikalia ndoo ile kwa makalio yangu yote, kaka yako ataiona kiooni pale alipofundishwa, ataingia kati ya fito, atapewa leseni, na kesho yake atapanda basi na shati lake. Wewe utashika mabega. Nitakufundisha kuhesabu mpaka tatu.

Usipofika, ndoo ina mshikio na mimi nina mkono.

Na usiniambie mimi ni katili, nimeshajiambia. Katili ni yule anayemfungia mtu mlango. Mimi nimeufunga nikiwa ndani pamoja naye. Wewe uko nje unauliza klachi inakanyagwa vipi.

Najua utakachofikiria. Utafikiri umpigie simu umwambie kila kitu, ujisikie umemwokoa, ulale. Mpigie. Hatakuamini, atasema dada hawezi. Na ikiwa atakuamini, ataweka alama nyingine, atafaulu, ataondoka kwa moyo uliovunjika, nami nitabaki peke yangu na mama. Siku mgongo wangu utakapokatika, mama atabaki pale atakapoangukia mpaka wewe upate likizo. Nimeyapiga mahesabu haya mara nyingi kuliko wewe ulivyochora magari. Njia zote zinaishia mlangoni kwetu na wewe umebeba sanduku.

Nakuonea wivu, sitaki kukuficha. Mimi ndiye ninayemwosha mama, mimi najua kila kovu la mgongoni mwake, na wewe ndiye unayeitwa. Kila asubuhi akifungua macho anasema jina lako kwa ule upande wa mdomo ulio mzima. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Nilikuwa nasema, mama, huyo yuko mbali, huyu ni mimi, naye akawa analia. Sasa nasema, "Abee, mama." Anatulia, anakunywa maji. Miezi minne sasa ninaitika kwa jina lako. Njoo uitike mwenyewe, nimechoka kuwa wewe.

Kuhusu mtihani wako wa leseni, uahirishe. Huo utakungoja, mitihani huwa haifi. Na siku utakapoufanya, jambo moja tu nikukumbushe kati ya yote niliyokuandikia: ukirudi nyuma usikariri ndoo, wala mti, wala ukuta wa mtu. Geuza shingo utazame mwenyewe. Vitu vya watu vina wenyewe, na wenyewe wana mambo yao.

Shangazi anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Binamu mwenye mapacha anakusalimu, mapacha wote wameota meno na wanauma. Fundi wa cherehani anakusalimu bila kukujua. Ameshaanza kukunja vitambaa vyake kwenye kasha, na jana aliniuliza kama huko waendako kuna umeme wa uhakika wa cherehani. Nilimwambia upo. Kaka yako anakusalimu sana, ameniachia ujumbe kamili, nanukuu: "Mwambie asiendeshe haraka."

Mama nimekwisha kukueleza anavyokusalimu.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akulinde na magari ya watu waliofundishwa na Klachi, akufikishe ukiwa na viungo vyote, hasa mabega. Namwomba kwa dhati. Tarehe ishirini na saba nitaacha taa ya barazani ikiwaka, na tarehe ishirini na nane saa tatu kasoro nitakuwa nyuma ya kibanda, nimesimama kando ya ndoo, bado sijakaa.

Wako akupendaye na anayekujibia,

Dada yako mkubwa.